Siku ya posho, saa moja ya jioni: Michigan ya shaba kwa Ohio State

Siku ya posho hii, tarehe 30 Novemba 2024, ekipe ya chuo kikuu cha Michigan inaenda kucheza kwa Ohio State, mu mji wa Columbus, kule Marekani. Match itaanza saa sita kamili ya mchana kwa saa yao. Kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi itakuwa saa moja ya jioni, ile saa ambayo wenye kufanya masaa kumi na mbili wanapishana mlangoni: huyu anaingia na kofia yake safi, yule anatoka na vumbi hadi kwenye kope.

Tunajua namna mtakavyosema. «Bandugu, sisi tuko na Mazembe yetu, tuko na Lupopo yetu, mambo ya banafunzi ba Marekani inatuhusu nini?» Swali ni la haki. Tena mpira wenyewe si ule wa miguu. Ni ule wa kubeba mikononi, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao wengi wetu tumeuona kwenye filamu tu. Lakini ndani ya match hii kuna shaba, kuna mwana wa Kinshasa ambaye watu wa kule hawajamsahau hata baada ya miaka 29, na kuna neno la kazi na malipo ambalo mtu wa mine atalielewa mbio kuliko mtu wa ofisi. Tunaomba dakika chache.

Tuanze na shaba, maana ugomvi wa hawa watu ulianza na udongo.

Mu 1835 Michigan haikuwa bado jimbo. Ilikuwa inaomba kuingia katika umoja wa Marekani. Jirani yake Ohio alikuwa amekwisha kuingia tangu 1803. Katikati yao palikuwa na ukanda mwembamba wa udongo wenye mji wa Toledo, pale mto Maumee unapoingia ziwa Erie. Pahali pa bandari, yaani pahali pa pesa. Kila mmoja alisema ni pake. Wakakusanya askari wa mgambo huku na huku, wakatishana, risasi zikapigwa hewani, na mtu aliyeumia kuliko wote alikuwa sherifu mdogo wa Michigan aliyechomwa na kisu cha mfukoni. Akapona. Mwishoni wakubwa wa Washington walikata maneno: Toledo iende kwa Ohio, na Michigan, ili inyamaze, ipewe udongo mwingine mbali kaskazini, ng'ambo ya maziwa, penye baridi kali na miti bila mwisho.

Watu wa Michigan walikasirika sana. Walinyang'anywa bandari, wakapewa pori. Mkutano wao wa kwanza ulikataa. Wa pili, mu Desemba 1836, ulikubali, na ulifanyika Ann Arbor, mji uleule ambamo ekipe ya Michigan inakaa leo. Tarehe 26 Januari 1837 Michigan ikawa jimbo.

Miaka minne baadaye, mjuzi wa mawe aliyeitwa Douglass Houghton alitoa ripoti yake juu ya lile pori. Kwenye rasi ya Keweenaw kuna shaba. Na haikuwa kama malachite yetu ya kijani, ya kusagwa na kuogeshwa katika asidi. Ilikuwa shaba safi, chuma kamili ndani ya jiwe, na vipande vingine vilikuwa vikubwa hata baruti haikuvipasua. Wachimbaji walivikata na patasi, kidogo kidogo, siku nyingi. Mpaka 1887, kwa miaka karibu 40, hakuna jimbo la Marekani lililotoa shaba kuliko Michigan. Katika uhai wake wote, ile inchi ya shaba ilitoa karibu tani milioni 5. Kwa kulinganisha tu: Kongo yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2 mwaka 2023 peke yake. Basi tusijidharau. Lakini kwa wakati ule, na kwa vyombo vile, ilikuwa mali ya ajabu, na Toledo haikuonekana tena kuwa kitu cha kuliliwa.

Waliochimba walitoka Cornwall, Finland, Italia, Kroatia. Shimo la Quincy, karibu na mji wa Hancock, lilifuata mwamba kwa mwinamo hadi kupita kilomita 2 na nusu. Mu 1913 wachimbaji waligoma. Walitaka masaa manane ya kazi, na walikataa mashine mpya ya kutoboa jiwe ambayo iliendeshwa na mtu mmoja pahali pa wawili. Waliiita «mtengeneza wajane», sababu mtu akiangukiwa na jiwe kule peke yake, hakuna mwenzake wa kumvuta. Tarehe 24 Desemba ya mwaka ule, katika karamu ya Noeli ya watoto wa wagomaji mu Calumet, mtu alipiga kelele ya moto. Moto haukuwepo. Watu walikanyagana kwenye ngazi, wakafa 73, wengi wao watoto. Hiyo si habari ya mpira, tunajua. Lakini kwa wasomaji wa ukurasa huu hatuwezi kusifu shaba ya watu halafu tupite kimya mbele ya makaburi yao.

Mine zile za zamani zimefungwa. Ugomvi umebaki, na makao yake leo ni uwanja wa mpira.

Michigan na Ohio State walikutana mara ya kwanza mu 1897. Tangu 1918 wanacheza kila mwaka, isipokuwa 2020, mwaka wa korona. Michigan imeshinda mara 61, Ohio State 51, na mara 6 walitoka sare. Juma hili, mu chuo cha Columbus, wanafunzi wanazunguka na kubandika alama nyekundu ya X juu ya kila herufi M wanayoikuta, kwenye vibao na kwenye kuta. Kocha wao wa zamani Woody Hayes, aliyewafundisha kutoka 1951 hadi 1978, hakupenda hata kutamka jina la Michigan. Kwake ilikuwa «lile jimbo la kaskazini». Nani kati yetu hajui baba fulani wa Lupopo ambaye nyumbani mwake jina la Mazembe halitajwi mezani? Na tukiwa hapo, angalieni rangi: Michigan wanavaa manjano na bluu. Ohio State ni nyekundu na kijivu. Bana-Lupopo wamekwisha kuchagua, tunawajua.

Sasa mchezo wenyewe. Uwanja una yadi 100, ni kusema mita 91 na kidogo. Wachezaji ni 11 kwa 11. Ekipe yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, karibu mita 9. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, mpira unaenda kwa wenzao. Mtu aliyefanya kazi chini ya udongo hahitaji maelezo zaidi: unatoboa, unalipua, unaondoa mawe, unasimamisha dari, halafu shefu anakuja na mita yake kupima umeingia kiasi gani leo. Kuvuka mstari wa mwisho na mpira mkononi ni pointi 6, na moja ya kuongeza kwa kupiga na mguu. Kupitisha mpira kwa mguu kati ya milingoti miwili bila kuvuka mstari ni pointi 3.

Njia za kusonga mbele ni mbili. Unaweza kurusha mpira hewani, mwenzako mwenye mbio aukamate mbali. Ao unaweza kumpa mtu mpira tumboni, apite katikati ya watu wa kilo 140, mita mbili, mita tatu, anaanguka, anasimama, anarudi tena. Njia ya hewani inapendeza macho. Njia ya chini inaumiza. Match ya siku ya posho yote iko mu tofauti ya hizo njia mbili, na tutarudia neno hilo.

Ohio State wamepoteza match moja tu mwaka huu, kwa Oregon, 32-31, mwezi wa kumi. Juma lililopita walipiga Indiana 38-15, na Indiana walikuwa hawajapigwa na mtu. Wanahesabiwa wa pili mu inchi nzima. Wakishinda siku ya posho, tarehe 7 Desemba watarudiana na Oregon mu Indianapolis kwa taji la ligi yao, inayoitwa Big Ten. Jina hilo maana yake ni Kumi Wakubwa. Leo vyuo ndani yake ni 18, lakini jina halikubadilishwa. Kwa mambo ya hesabu Wamarekani wako wapole kuliko tulivyofikiri. Na baada ya ligi, mwaka huu kwa mara ya kwanza ekipe 12 zitagombania taji la inchi. Zamani zilikuwa 4 tu.

Kwa hiyo hata wakipoteza, Ohio State wanaweza kuitwa kwenye zile 12. Kwa akili ya karatasi, match hii si ya kufa na kupona. Nenda ukamwambie hivyo mtu wa Columbus. Kocha wao Ryan Day ameshinda match 66 tangu alipopewa ekipe, amepoteza 9. Kwingine mtu wa namna ile wangemjengea sanamu. Lakini tatu za zile 9 ni za Michigan, tena kwa kufuatana: 42-27 mu 2021, 45-23 mu 2022, 30-24 mwaka jana. Analipwa karibu dola milioni 10 kwa mwaka, na kule wanasema waziwazi kwamba sehemu kubwa ya zile dola ni kwa kazi ya siku moja, hii ya Michigan.

Kuna kitu kidogo kinachoeleza yote. Tangu 1934, kila mchezaji wa Ohio State anayepiga Michigan anapewa kapantalo kadogo ka zahabu, ka kutundika kwenye mkufu. Kazito kake si kitu. Mtu wa Kamituga angecheka. Lakini huwezi kukanunua, unakapata kwa njia moja tu. Jack Sawyer, J.T. Tuimoloau, Emeka Egbuka na TreVeyon Henderson walifika chuoni mu 2021. Mwaka jana wangeweza kwenda kwa ekipe za kazi, zenye mshahara mkubwa, na milango ilikuwa wazi. Walibaki mwaka mmoja zaidi. Hakuna hata mmoja wao mwenye kapantalo, na siku ya posho ndiyo nafasi yao ya mwisho.

Tulisema kuna neno la malipo. Ndilo hili. Uwanja wa Ohio State, uliofunguliwa mu 1922 na wenye umbo la kiatu cha farasi, unaingiza watu 102.780. Ni zaidi ya mara tano ya stade ya Mazembe kule Kamalondo. Ule wa Michigan ni mkubwa zaidi, 107.601. Televisheni zinalipa mamilioni na mamilioni. Kocha tumesema anachopata. Na mchezaji, yule anayevunjika goti? Kwa miaka mingi sana alipewa masomo ya bure, chumba na chakula, basi. Ni kama mtu wa camp zamani: nyumba ya kampuni, unga wa siku ya posho, mganga wa kampuni, lakini kwenye karatasi ya faida jina lake haliko. Tena sheria ilimkataza hata kuuza sahihi yake mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa Julai 2021: mchezaji anaweza sasa kulipwa na wafanyabiashara kwa jina lake na sura yake. Ross Bjork, mkuu wa michezo wa Ohio State, alisema mwaka huu kwamba malipo ya namna hiyo kwa wachezaji wa ekipe yao yanafika karibu dola milioni 20. Chuo chenyewe bado hakilipi mshahara, ingawa mwezi wa kumi jaji mmoja wa California alikubali, kwa hatua ya kwanza, mapatano yatakayoruhusu vyuo kuwalipa vijana moja kwa moja. Mnaona kama vitu vyote vilivyochukua miaka mia kubadilika: siku vilipobadilika, kila mkubwa alisema ni yeye aliyetaka tangu mwanzo.

Twende kwa Michigan. Hawa ndio mabingwa wa inchi, msishangae. Tarehe 8 Januari mwaka huu walipiga Washington 34-13 na kuchukua taji lote. Halafu nyumba ikabomoka. Kocha Jim Harbaugh akaenda kwa ekipe ya kazi ya Los Angeles. Wachezaji 13 wakachukuliwa na ekipe za kazi kwa siku tatu. Usukani akapewa msaidizi, Sherrone Moore, ambaye huu ni mwaka wake wa kwanza. Wamepigwa na Texas, wamepigwa na Washington, na Illinois, na Oregon, na Indiana. Wameshinda 6, wamepoteza 5. Mlinzi wao mzuri kuliko wote wa mipira ya hewani, Will Johnson, hajarudi uwanjani tangu alipoumia mwezi wa kumi. Wenye kufanya hesabu za pari wanawapa Ohio State pointi karibu 20 za mbele. Kijana, kama uko na mawazo ya kutia franka zako pale, uliza kwanza mama.

Kuna doa pia, na hatulifichi. Mwaka jana Michigan walishitakiwa kwamba mtu wao alizunguka viwanjani kupiga picha ishara za makocha wa ekipe nyingine ili kuzisoma mapema. Harbaugh alifungiwa match tatu, na kesi haijaisha. Katika Columbus wanasema ushindi wote wa Michigan ulitoka pale. Sisi tunaona neno hilo linaeleza kidogo tu. Ishara ukiijua, bado yule mtu wa kilo 150 mbele yako ni lazima umsogeze na mabega yako. Na match ya mwaka jana, ile ya 30-24, kelele zilikuwa zimekwisha kupigwa na yule mpelelezi hayuko tena. Aliyesimama pahali pa Harbaugh siku ile alikuwa Moore mwenyewe.

Shida ya Michigan mwaka huu ni hewani. Mrushaji wao ni Davis Warren, kijana aliyeugua kansa ya damu akiwa bado sekondari, akapona, akaingia ekipe bila kuitwa na mtu. Hadithi yake ni nzuri. Mipira yake mingi inanyakuliwa na adui. Kwa hiyo Michigan wanakwenda chini. Mwezi wa tisa walipiga USC 27-24 siku ambayo, kwa njia ya hewani, walipata yadi 32 tu katika match nzima. Mita 29! Yote mengine waliyafanya kwa miguu, na karibu na mwisho mtu wao Kalel Mullings, mwenye kilo zaidi ya 100, aliwapasua watu kwa mbio ya yadi 63, halafu akarudi kumaliza kazi kwenye mstari zikibaki sekunde 37.

Na hapa tunafika kwa mwana wetu.

Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mu 1974. Jina la Tshimanga ni la Kasaï, na aliyekulia mu camp ya Gécamines hakosi kumjua Tshimanga mmoja ao wawili kwenye njia yao. Huyu wetu alipelekwa Canada akiwa mtoto, akakulia Longueuil, karibu na Montréal, mu Kifaransa. Mpira huu wa mikono aliujua akiwa kijana tayari. Akacheza mu chuo cha Vanier, pale Montréal, halafu Michigan wakamchukua. Wamarekani walimwita Tim; mdomoni kwao ilikuwa rahisi.

Tarehe 25 Novemba 1995 Ohio State walifika Ann Arbor wakiwa na ushindi 11 na hakuna kupoteza. Walihesabiwa wa pili mu inchi, sawa na leo. Walikuwa na Eddie George, mkimbiaji ambaye majuma machache baadaye alipewa zawadi ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Michigan walikuwa wamekwisha kupoteza mara tatu. Kocha wao, Lloyd Carr, alikuwa katika mwaka wake wa kwanza. Taji hawakuweza kulipata tena kwa namna yoyote. Mnaona namna karatasi ya 1995 inavyofanana na hii?

Walimpa Biakabutuka mpira mara 37. Mara 37 mtu mmoja anaingia katikati ya ile mashine, anakamatwa, anaangushwa, anasimama. Alipata yadi 313, ni kusema mita 286. Wastani wa mita 7 na zaidi kwa kila mara, wakati mita 4 zinahesabiwa kuwa kazi nzuri. Walijua anakuja. Uwanja mzima ulijua anakuja. Michigan 31, Ohio State 23. Taji la Big Ten likaenda kwa Northwestern, ambao siku ile hata hawakuwa uwanjani.

Mwaka uliofuata alichaguliwa wa 8 na ekipe ya kazi ya Carolina. Huko magonjwa ya miguu yalimfuata, akacheza na kusimama, akacheza na kusimama, mpaka akaacha baada ya 2001. Lakini kila mwezi wa kumi na moja, ile namba 313 inarudi katika midomo ya watu wa Michigan, na wazee wa Columbus wanageuza uso. Kwetu, mu mwaka ule 1995, inchi ilikuwa bado Zaïre na mine zilikuwa zinakufa moja moja. Tunafikiri ni wachache sana hapa Katanga waliosikia kwamba mwana wa Kinshasa amefanya kitu kama kile. Basi tumeandika sasa.

Je, Mullings anaweza kuwa Biakabutuka? Hatuamini. Ulinzi wa Ohio State wa mwaka huu ni mgumu kuliko ule, hawatampa mtu yadi 313, hata 150 tunaona ni nyingi. Mahali pa kuangalia ni upande mwingine, wakati Ohio State wenyewe wako na mpira. Pale katikati Michigan wana watu wawili, Mason Graham na Kenneth Grant, kilo karibu 145 huyu na zaidi ya 150 yule, ambao ni kama nguzo za mine: huwezi kuzizunguka, huwezi kuzisukuma. Na Ohio State ni palepale katikati walipoumia. Josh Simmons, aliyelinda upande wa kushoto, alivunjika goti mwezi wa kumi kwa Oregon. Seth McLaughlin, mtu wa katikati kabisa, yule anayeanzisha kila mpira, alikatika mshipa wa kisigino katika mazoezi mwezi huu. Donovan Jackson amehamishwa kutoka nafasi yake kuziba pengo la kwanza. Carson Hinzman amerudishwa kuziba la pili. Kwa Indiana walistahimili. Indiana hawana Graham na Grant.

Ohio State wana dawa, na dawa ni hewani. Mrushaji Will Howard ana Egbuka, na ana Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye anaruka na kukamata kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi. Bila Will Johnson, nani wa Michigan atamfuata? Wakirusha tangu dakika ya kwanza, match inaweza kuisha kabla ya mapumziko.

Woga wetu kwa Ohio State ni mwingine. Miaka mitatu wameambiwa kwamba ni watoto laini, wazuri wa kukimbia, wasioweza kazi ya mabega. Neno kama lile linakaa mu tumbo la mtu. Tunaogopa kocha Day atataka kuonyesha kwamba hawako laini, atatuma Henderson na mwenzake Quinshon Judkins kupiga ukuta palepale Graham na Grant wamesimama, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, wakati Smith anangojea pembeni na mikono mitupu. Akifanya hivyo, score itabaki chini, uwanja utaanza kunyamaza, na Michigan, wasio na kitu cha kupoteza, watakuwa pale ambapo wanapenda kuwa: mu match ya mita mbili mbili.

Tukilazimishwa kuandika namba, tunaandika Ohio State 24, Michigan 13. Lakini angalieni majaribio ya kwanza ya Ohio State. Wakirusha, mambo yao iko muzuri. Wakianza kupiga ukuta, jua zao zinaanza kushuka.

Saa moja ya jioni kwa saa ya Lubumbashi, saa kumi na mbili ya jioni kwa saa ya Kinshasa. Mchezo una robo nne za dakika 15, lakini saa inasimamishwa kila wakati, na yote inaweza kupita masaa matatu. Mwenye poste ya asubuhi afanye hesabu yake mapema. Mwenye poste ya usiku atakuta score hapa siku ya kazi moja.